Kujifunza kamera Unguja: jua la mchana, bamvua na ukumbi wa wanawake

Klabu ya picha ya skuli yetu ilianzishwa na mwalimu wa fizikia, na jambo hilo liliamua mengi katika namna tulivyojifunza. Tulikuwa na kamera moja ya Canon iliyokwishatumika, lenzi mbili, stendi yenye mguu mmoja uliolegea, na simu zetu wenyewe, ambazo kwa kanuni za skuli hazikuruhusiwa kuonekana isipokuwa siku ya klabu. Mwalimu hakumkabidhi mtu kamera mpaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini namba ya tundu la lenzi inapopungua mwanga unaongezeka. Namba hiyo, alituandikia ubaoni, ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale inapoukusanya mwanga, uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, hivyo lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa tundu la milimita 25 inasoma f/2. Na ngazi za 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6 na 8 zinapanda kwa kuzidishwa kipeuo cha pili cha 2, kwa sababu kinachopungua nusu kwa kila ngazi ni eneo la duara, si kipenyo chake. Wapo wenzetu walioiacha klabu katika majuma hayo wakisema kwamba walikuja kupiga picha na si kufanya hesabu, na siwalaumu. Mimi nilibaki kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilipoona hesabu ya darasani ikitoa kitu ninachoweza kukitazama.

Masomo mengine tuliyachota kwenye video za intaneti, nyingi zikiwa zimetengenezwa Marekani na Uingereza, na hapo ndipo kazi yetu halisi ilipoanzia, kwa kuwa mashauri yale yalikuwa sahihi kule yalikotoka, lakini hapa Unguja karibu kila moja lilihitaji kupimwa upya.

Mfano ulio karibu zaidi ni mavazi. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera huchukulia kwamba yote kinayoyaona, ukiyachanganya pamoja, yatatoa kijivu cha wastani. Siku ya maulidi ya skuli uwanja umejaa kanzu nyeupe na mitandio myeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na nyuso za watu zinatoka nyeusi tii, macho hayaonekani. Ukipiga picha mkutano wa wazazi, ambako akina mama wameketi safu nzima na mabuibui yao, kamera inafanya kinyume chake: inaongeza mwanga mpaka buibui linageuka kijivu na uso wa aliyelivaa unapoteza rangi yake. Dawa ni kitufe cha kusahihisha mwanga, ambacho tulikizoea mpaka vidole vikawa vinakitafuta vyenyewe: kuongeza ngazi moja kwenye kanzu, kupunguza ngazi moja kwenye buibui, kisha kuukagua uso peke yake na kuyasahau mengine. Mwalimu alitueleza kwamba habari hii ina historia ndefu, kwamba kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Tangu siku hiyo, kamera inaponiambia kwamba mwanga uko sawa, huichukulia kuwa ni rai yake tu.

Taa nazo zilitupa somo ambalo hakuna video yoyote miongoni mwa tulizozitazama iliyotaja. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa ndefu za ukumbi wa skuli huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo jicho halilioni lakini kamera hulinasa. Kamera na simu nyingi zikiachwa kama zilivyotoka kiwandani hurekodi fremu 30, yaani picha 30 moja moja, kwa sekunde, na desturi ni kuweka shata, muda ambao kamera huuachia mwanga uingie, kwenye 1/60 ya sekunde, mpangilio unaokubaliana na umeme wa Marekani wa hezi 60. Kwetu mpangilio huohuo unaleta michirizi ya giza inayopanda na kushuka juu ya picha. Ukihamia fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, michirizi inatoweka mara moja. Fizikia ya ubaoni ilituokoa siku ile kuliko programu yoyote ya kusafishia video.

Nje ya skuli tulikuwa na darasa jingine, nalo lilikuwa Mji Mkongwe. Katika Barabara ya Kenyatta ipo Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kuta zake zimejaa picha za rangi nyeusi na nyeupe za Unguja ya zamani. Mwalimu alitutaka tusimame mbele ya picha moja tu na kuandika jua lilikuwa upande gani, mpiga picha alisimama wapi na alisubiri nini kabla ya kubonyeza. Zoezi hilo lilinichosha mwanzoni, kisha likanigeuza kuwa mtu asiyeweza kupita uchochoroni bila kuangalia kivuli kinakata ukuta wapi. Vichochoro vya Mji Mkongwe, kwa wembamba na urefu wa kuta zake, vina mwanga laini unaotoka juu na kuruka kutoka kwenye chokaa nyeupe, na mpiga picha wa kule ng'ambo angelipa fedha nyingi kuutengeneza ndani ya studio.

Aliyenivuta zaidi, hata hivyo, alikuwa Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na alianza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi, kwa kamera ya Box Brownie, kijisanduku chenye lenzi nyepesi na kisicho na mengi ya kurekebisha. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hukohuko Dar es Salaam, na Oktoba 1984 picha zake za njaa kutoka Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC pamoja na maelezo ya Michael Buerk, ziliitikisa dunia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia, na aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuangukia baharini Komoro. Katika klabu tulikuwa na tabia ya kulalamikia kamera yetu kuukuu, na mwalimu hakuhitaji kusema neno. Alikuwa akitaja tu Box Brownie.

Kazi iliyotufunza kuliko zote ilikuwa filamu fupi kuhusu akina mama wakulima wa mwani huko Jambiani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mwani unasafirishwa nje, na utomvu wake hutumika kugandisha vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Tulidhani tunajua tunachokwenda kupiga. Video za intaneti zote zilisisitiza jambo moja, kwamba picha nzuri za nje hupigwa saa ile jua linapochomoza au linapokaribia kutua, rangi ikiwa ya dhahabu. Lakini mwani haulimwi kwa kufuata jua. Unalimwa kwa kufuata maji. Akina mama huingia pwani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapotoka mbali na kuacha vigingi na kamba wazi; na pwani yetu, kupwa kwa bamvua mchana huangukia kwenye saa nne na saa tano asubuhi, jua likiwa limeshapanda na kuwa kali. Wakati wa jua la dhahabu jioni, shamba lote liko chini ya maji na akina mama wako majumbani wanapika. Anayetaka machweo kwenye filamu ya mwani itambidi awaombe watu waigize kazi yao, na hilo tulikataa.

Kwa hiyo tulilazimika kuisoma saa nne kama ilivyo. Jua kali likipiga wima hufukia macho kwenye kivuli cha paji la uso, na kumharibia sura mtu aliyesimama wima. Hata hivyo mkulima wa mwani hasimami sana, muda mwingi ameinama akifunga mbegu kwenye kamba kwa vitanzi vidogo vinavyoitwa taitai, na anapoinama mchanga mweupe na maji ya kina kifupi humrudishia mwanga usoni kutoka chini. Tulipoteremsha kamera mpaka usawa wa magoti, karibu na maji, nyuso zilifunguka na mikono ikaonekana kila mshipa. Tatizo likabaki wingi wa mwanga wenyewe. Kwa jua kamili, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuuhisi mwanga) na shata ya 1/50, hesabu inakupeleka kwenye tundu la f/22, ambako picha inaanza kupoteza ukali, kwa hiyo tuliazima kwa fundi mmoja wa studio mjini kioo cheusi cha kupunguza mwanga, pamoja na kichujio cha polaraizi. Hiki cha pili kilikuwa ajabu ya safari nzima: unakizungusha taratibu mbele ya lenzi, mng'ao wa juu ya maji unaondoka, na safu za mwani zinajitokeza chini kana kwamba maji yameondolewa. Mwalimu alisimama pwani, suruali imekunjwa, akitufafanulia kwamba kichujio kinafanya kazi vizuri zaidi ukiyatazama maji kwa pembe ya nyuzi 53 hivi kutoka kwenye mstari wima, na akina mama walimtazama kwa huruma.

Nimetangulia mbele ya jambo lililotangulia. Kabla ya kamera kutolewa mkobani tulikwenda kwa sheha na barua ya skuli, kisha tukakaa na akina mama wenyewe chini ya mkungu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti kavu, alipokea shikamoo zetu, akatuacha tujieleze mpaka tukamaliza, ndipo akauliza, "Wanangu, sisi kila siku tunapigwa picha na wageni na hatujapata kuziona. Nyinyi mtazileta?" Tulisema tutazileta. Akauliza tena, "Na asiyetaka uso wake uonekane?" Hapo tulikubaliana kwamba watakaokataa watapigwa mikono tu au mgongo, na kwamba mtu anaweza kubadili mawazo hata baada ya kurekodiwa. Kuna wanaoiona hatua hii kuwa ni urasimu unaopoteza mwanga wa asubuhi. Mimi naona filamu ilianza pale chini ya mti, kwa sababu siku zilizofuata hakuna aliyekuwa akijitazama mbele ya kamera. Walikuwa wakifanya kazi, wakigombana kuhusu kamba na kuimba.

Sauti ilitusumbua kuliko picha. Upepo wa kusi kwenye pwani ile haupumziki, na kipaza sauti cha juu ya kamera hakichukui kitu isipokuwa mvumo. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza kidogo, lakini mazungumzo yasiyosikika hatayavumilia hata dakika moja. Tulichofanya ni kuwaketisha wasemaji nyuma ya banda la makuti, mgongo ukiwa upande wa upepo, na kuweka simu ya kurekodi sauti kifuani chini ya mtandio, kitambaa kikizuia upepo bila kuzuia maneno. Mwanzoni mwa kila mazungumzo mmoja wetu alipiga kofi mbele ya lenzi, ili wakati wa kuhariri mlio wa kofi katika simu ulinganishwe na mikono inayokutana katika picha. Na mwisho wa kila mazungumzo tulimwomba kila mtu anyamaze kwa nusu dakika turekodi pwani peke yake, kwa maana ukikata sentensi ya mtu bila kuwa na sauti ya mahali ya kujazia, sikio linahisi shimo.

Kamera nayo ilikuwa na kero yake. Ilikuwa ikijizima ikifika dakika 29 na sekunde 59, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Tuliamini ni mbovu, mpaka tulipojua kwamba kamera nyingi za picha za enzi zile ziliwekewa mpaka huo kiwandani kwa sababu ya ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, uliozitoza zaidi kamera zinazoweza kurekodi video ya dakika 30 au zaidi. Bibi mmoja wa Jambiani anakatizwa hadithi yake kwa sababu ya forodha ya Ulaya. Sijapata mfano mzuri zaidi wa kueleza kwamba kifaa hubeba sheria za soko kilichotengenezewa.

Katika kipindi hichohicho tulianza kuitwa kwenye harusi, na hapa ni sisi wasichana peke yetu. Sherehe ya wanawake Unguja ina masharti yake: mlangoni simu zinakusanywa au zinafungwa mkobani, wanaume hawaingii, na ndani watu wamevua mabuibui, wamejipamba na wanacheza kwa raha zao. Mpiga picha wa kiume, awe hodari namna gani, hawezi kuifanya kazi hiyo. Nafasi ile ilitupatia fedha za betri na kadi, lakini ilinilazimisha pia kujifunza nusu ya pili ya ufundi. Mpaka wakati huo mhariri wetu klabuni alikuwa mvulana, aliyetuzidi sote, na sisi tuliridhika kumletea kadi. Sasa kadi zile zilikuwa na watu ambao hakuruhusiwa kuwaona. Ilinibidi niketi mwenyewe mbele ya kompyuta ya skuli, iliyokuwa ikikwama kila nikiweka video mbili pamoja, nikajifunza kutengeneza nakala nyepesi za kuhaririwa na kurudisha zile nzito mwishoni. Nilijifunza pia kuhesabu nafasi: video ya ubora wa 1080 inayorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 375 kila dakika, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 32 haifiki dakika 90, na sherehe ya wanawake kwetu huwa ndiyo kwanza imechangamka.

Utaratibu tuliouweka haukutoka kwenye kitabu. Kabla ya sherehe tunamuuliza mama wa bibi harusi nani hataki kupigwa, na hao wanaketi upande mmoja ambao kamera haigeukii. Baada ya kazi tunamketisha bibi harusi na mtu wake mmoja, anaitazama video yote, anasema kipi kiondoke, tunamkabidhi nakala, na tunafuta zetu mbele yake. Rafiki zangu wa bara wananiambia kwamba kwa namna hii sitapata kamwe mkusanyiko wa kazi wa kuwaonyesha wateja. Ni kweli, sina hata picha moja ya harusi ya kuonyesha. Wateja wanaletwa na mama zao na makungwi, nao huuliza kwanza kama kuna picha yetu yoyote iliyowahi kuvuja.

Filamu ya mwani ilipokamilika ilikuwa na urefu wa dakika 6. Wenzangu walitaka tuione kwanza ikionyeshwa mjini, kwa kuwa Unguja ina tamasha lake la filamu, lile la Nchi za Jahazi lililoanza mwaka 1998, na kila mwanafunzi mwenye kamera huota kuona kazi yake usiku ndani ya Ngome Kongwe. Lakini ahadi ilikuwa ya Jambiani, na tukaenda huko na projekta ya skuli, tukatundika shuka nyeupe ukutani baada ya sala ya isha.

Walitazama kwa makelele, kila anayeonekana akitajwa jina na watoto wakimpigia makofi. Tulipofika sehemu tuliyojivunia zaidi, ambapo wanarudi kutoka pwani na magunia kichwani kwa mwendo uliopunguzwa kasi, makelele yalikoma, kisha yule mama wa sauti kavu akasema, "Mbona mmetutembeza kama wagonjwa?" Kicheko kilichofuata kiliizima filamu. Walisema kwamba njia ile hutembewa haraka kwa sababu gunia la mwani mbichi ni zito na linamwaga maji ya chumvi machoni, na mtu akipunguza mwendo atalitupa. Waliuliza pia kwa nini sauti ya mwanamume mmoja mnunuzi ilichukua muda mrefu kuliko ya mtu yeyote aliyeingia majini, na kwa nini majina yao hayakuandikwa ilhali ya kwetu yaliandikwa makubwa.

Tulirudi kwenye kompyuta. Mwendo ukawekwa wa kawaida, mnunuzi akapunguzwa, na majina ya akina mama, wale walioridhia, yakaandikwa kwanza, moja moja, kwa mpangilio walioutaka wao. Mwalimu wetu hadi leo anashikilia kwamba ule mwendo wa polepole ulikuwa sehemu nzuri kuliko zote kwa jicho la ufundi na kwamba tuliwatii mno. Tunabishana kila tukikutana, yeye na hoja zake za mdundo wa picha, mimi na hoja ya uzito wa gunia. Toleo lake amelihifadhi kwenye diski yake. La Jambiani limo kwenye simu za akina mama wenyewe, na wanaliomba upya kila wanapobadilisha simu.